Maji ya vita na sindano ya surua

Haya nimeona mimi mwenyewe, na hakuna aliyeona kunipita. Siku ya sindano ya surua, pale Baraka, mupiganaji mmoja alimvuta bibi yake na mutoto watoke kwenye foleni.

"Haina kazi! Mutoto wa jirani walimuchoma, bado mafua ikamushika."

"Papa, hii ni ya surua," nesi akasema.

"Maji yetu ya vita inazuia risasi zote!"

Bibi akagusa kovu la risasi kwenye paja la bwana.

"Ile siku nilivunja mwiko, nilikula mboga ya sombe," bwana akasema.

"Basi kosa ni ya sombe, maji haina kosa!" bibi akajibu. " Shika mutoto."

Akamshika, kimya. Dawa yetu ikishindwa, tunalaumu mboga. Ya hospitali tunaidai hata kazi isiyo yake.

Nakiri, ule ukimya nimeongeza mimi: alibisha mpaka sindano ikatoka.