Sweta Iliyolowa Dawa

Hadi leo nikifika kituo cha matatu cha Kawangware 56 napitia upande wa pili wa barabara, maana pale kwenye bomba la maji kuna akina mama walioniona uchi mchana kweupe, mimi mwenye digrii, na kwa hilo najilaumu mwenyewe (kwa mengine wapo wa kulaumiwa, na nitawataja).

Sikuwa na ajira, nikawa napanda lori la vibarua kwenda shamba la kahawa kunyunyizia dawa ya kuua magugu. Siku ya kwanza nikamuuliza msimamizi glavu ziko wapi.

"Ziko stoo, zinangoja wageni wanaonunua kahawa. Mkizivaa sasa zitachafuka."

Sisi je, tujikinge kwa kitu gani? Akanipa pakiti ya maziwa. Eti maziwa yanaua sumu! Nikapanda mori, nikawasomea wenzangu maandishi ya kwenye mtungi wa dawa, nikaeleza ngozi inavyofyonza sumu, wakanipigia makofi, na msimamizi akanichagulia pampu ya mgongoni inayovuja.

Ningeirudisha pale pale, lakini baada ya hotuba ile niliona haya kulialia tena, basi nikakunja sweta yangu nikaipachika kati ya pampu na mgongo ili inyonye dawa. Mutua, kibarua mwenzangu kutoka Machakos, akanionya, "Msomi, toa hiyo sweta, itakuchoma."

"Wewe Mutua, hii ni sayansi." (Sayansi! Mimi niliyesomea historia.)

Lori lilipotushusha 56, kuanzia mgongoni hadi makalioni nilikuwa nawaka kama niliyekalia jiko la makaa. Maandishi niliyosoma kwa mbwembwe yalisema vua nguo, jioshe mara moja. Nikaruka foleni ya mitungi pale bombani, nikavua shati, suruali, na hata ile ya ndani kwa kuwa nayo ilikuwa imelowa.

"Uwi! Kijana wa chuo amewehuka! Iteni polisi!" akina mama wakapiga mayowe.

"Polisi wa nini?" akafoka Mama Achieng, jirani yangu muuza samaki. "Hamuoni mgongo umekuwa kama ngege aliyekaangwa?" Akanimwagia mitungi yake yote miwili. "Geuka. Geuka tena! Unaficha nini, na mimi nimelea sita?"

Kesho yake nikaenda shambani kuonyesha malengelenge. Msimamizi hata hakuyaangalia. "Hapa hatutaki watu wanaovua nguo mbele ya wanawake," akasema, na kazi ikaishia hapo. Nimeunguzwa na dawa yao, kisha nakosa adabu mimi!

Nilipogeuka nikamwona Mutua amebeba ile pampu, suruali yake tayari imelowa kiunoni.

"Mutua, irudishe!"

Akatazama watu waliojipanga langoni wakiomba kibarua, akakaza mikanda. "Msomi, wewe jana mbona hukuirudisha?"

Nikashika njia ya kurudi nyumbani. Ila nimeapa: nikipewa kitu kinachovuja, nitakitua chini wakati makofi bado yanapigwa.