Sheria Iliyorudi Yenyewe Getini

Shuleni kwetu sheria haziandikwi shuleni. Huandikwa Rulenge, ofisini kwa wenye shule, kwenye waraka wa mtandaoni, halafu kila asubuhi hujishusha zenyewe kwenye kompyuta yetu na kwenye simu ya askari wa getini. Mwalimu wa kompyuta alinipa mimi kazi ya kuziangalia. Nadhani aliona mtu anayezivunja sana ndiye anayezijua vizuri.

Muhula uliopita ikashuka mpya: siku ya kutembelewa, mgeni asiye na kitambulisho cha taifa haingii. Rafiki yangu wa kitanda cha juu, anayeongea hata akipiga mswaki, akaniomba niisome tena. Bibi yake wa Kaniha, aliyemlea, kadi anaisubiri tangu sisi hatujaanza shule. Ana barua ya mtendaji wa kijiji tu.

Nikamweleza mwalimu. "Ongeza: au barua ya mtendaji," akasema. Jumamosi nikaongeza kwenye kompyuta yetu, nikarudi bwenini natembea kama waziri.

Jumapili bibi akafika na kikapu cha ndizi za kuchoma.

"Shikamoo bibi. Kadi?" askari akauliza.

"Marahaba. Barua hii hapa."

"Hapa barua haimo, bibi."

Nikachungulia simu yake. Kweli, sentensi yangu haimo! Waraka wa Rulenge ulishuka asubuhi ukaifuta.

"Mheshimiwa waziri," rafiki yangu akasema, "serikali yako imeanguka." Lakini hakucheka.

Mwalimu akaja mbio, shati nusu nje. "Ulibadilisha huku kwetu? Hii ni nakala, wewe! Umemnyoa mtu kwenye picha!"

Akampigia katibu wa Rulenge. Yuko misani. Akapiga tena na tena, mpaka katibu akatoka nje ya kanisa, akipumua kwa hasira, kwenda kuongeza hayo maneno kwenye waraka wenyewe.

Rafiki yangu hakungoja. "Sheria inasema bibi asiingie. Imesema mimi nisikae hapa?" Askari akasoma yote. Haijasema. Basi rafiki yangu akakaa chini upande wa ndani, bibi upande wa nje, kikapu katikati kwenye mstari wa geti.

Mwalimu alipovuta waraka upya, askari alikuwa anatafuna ndizi ya pili.

"Bibi, barua imekubaliwa. Karibu ndani!"

Bibi akamtazama mjukuu wake, akamenya nyingine. "Nimeshakaa, mwanangu. Hao wa Rulenge waje wao huku."