Kikinga cha Mashine ya Nyasi

Siku hiyo kompyuta ilinikatalia tangu asubuhi. Tulikuwa tunatengeneza mashine ya kukata nyasi za ng'ombe, iliyoagizwa na kikundi cha akina mama wa Marungu, na mama yangu ni mmoja wao. Ndiye angekuwa akiilisha nyasi. Kazi yangu pale karakana ya Voi ni kuchora kila kipande kwenye programu, kisha kuviunganisha viwe mashine moja. Kimoja kimoja vilikuwa sawa. Nilipoviunganisha, viwili vikawa vyekundu.

Kikinga, lile bati linaloning'inia mdomoni mwa mashine ili mkono usifike kwenye visu, kilikuwa kimeingia ndani ya ngoma inayozungusha visu. Vyuma viwili havikai mahali pamoja, na programu haikubali uongo huo. Nilivuta huku, nikasogeza kule. Vyekundu. Fundi wetu wa vyuma akapita mara ya tatu.

"Injinia, bado tu? Bati liko hapa, na mimi niko hapa."

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikakifupisha kikinga, kama upana wa vidole viwili hivi. Onyo likatoweka. Nikachapisha mchoro, nikampa bila kumtazama.

Fundi wetu hakati chuma kabla ya kuichora mashine kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake kamili, ikitazamwa ubavuni. Mimi humcheka kwa hilo. Alipomaliza alipiga magoti, akalaza mkono kwa ubavu juu ya chaki, akausukuma chini ya kikinga kuelekea visu. Ukakwama kwenye vifundo, vilipogusa mstari wa kikinga.

"Hii italishwa na nani?"

"Mamangu."

"Ako na mkono kama wangu?"

Nilitikisa kichwa. Mkono wa mama ni mwembamba kama wangu.

"Basi leta wako."

Nilipiga magoti nikiomba ukwame. Haukukwama. Vidole vyangu vinne vilipita chini ya kikinga vikavuka mstari wa visu.

Fundi hakunigombeza. Alifuta chaki kwa soli ya kiatu. "Rudi uchore," alisema.

Jumamosi, siku tuliyowaahidi, akina mama walikuja na pikapu ya kukodi, wakakuta mashine haijaisha. Mama alinivuta kando.

"Umeniaibisha mbele ya wenzangu," akasema, akininyooshea kidole.

Nilikitazama kile kidole chembamba, bado kizima.