Kijani cha Masizi

Watu huniuliza nilisomea wapi kuchora. Nawajibu: jikoni kwa mama. Wanacheka, wakidhani nafanya mzaha. Nimepamba kuta za makanisa, shule na maduka kuanzia Njombe mpaka Makambako, na sijakaa hata siku moja mbele ya mwalimu wa sanaa. Nasema hivi kwa majivuno, wala sioni haya.

Kwetu, wakati ule wa Mwingereza, wanaume walisimamisha miti ya nyumba, wanawake tukakandika, tukasiriba na kupamba. Mama alinituma bondeni kuchimba udongo mweupe na mwekundu, naye akachora mistari pembeni mwa mlango. Mimi mistari haikunitosha. Tuliwahi kwenda Ipelele kumwona shangazi, tukapita nyanda za Kitulo wakati wa mvua, maua yametapakaa mpaka nikakosa pa kukanyaga. Niliporudi nikaanza kuyachora ukutani. Majirani walikuja kutazama, kisha wakaomba niwapambie na kwao.

Nilipokuwa msichana mkubwa, mchungaji wetu akanipa ukuta wa nyuma ya madhabahu niujaze maua kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno. Mzee mmoja wa kanisa, aliyeupaka ukuta ule chokaa kwa mikono yake, alinuna.

"Mkono wa kusiriba jiko ndio upambe nyumba ya Mungu?" aliuliza mbele ya watu. Tangu siku hiyo akaninyima salamu.

Nilitaka kumkomesha, na hapo ndipo nilipokosea. Maua niliyachora kwa udongo, lakini kwa mashina na majani nikaona udongo ni mambo ya kizamani. Nikaponda majani mabichi, nikakamua maji yake. Siku ya kwanza ukuta uling'aa, nami nikatembea kichwa juu. Haukupita mwezi, jua la dirishani likawa limeyamaliza: majani yote yalikuwa na rangi ya chai iliyomwagika.

"Jumamosi kabla ya Mavuno nakuja na ndoo ya chokaa," mzee alisema. "Hatuwezi kumpelekea Mungu takataka."

Mchungaji alitazama chini. Zilibaki siku saba. Nililia njia nzima, maana nilijua ukuta ule ukifutwa sitapewa mwingine, nitasiriba majiko mpaka nizeeke.

Udongo wa kijani haukuwepo. Niliutafuta mabondeni, nikafika hadi njia ya Makambako, ambako vibarua wa serikali walikuwa wamekata kilima kupitisha barabara. Udongo ulisimama wazi, tabaka juu ya tabaka: mwekundu, mweupe, na wa njano iliyoiva kama boga. Kijani, hakuna. Nikabeba ule wa njano kwa hasira tu, nisirudi mikono mitupu.

Nyumbani, kabla sijanawa, mama akaniambia nikasugue chungu. Nikakishika. Nilipotazama kiganja changu, masizi yalikuwa yamechanganyika na ule udongo wa njano, na katikati yake palikuwa na kijani. Kijani kizito, kilekile cha nyasi za Kitulo. Nilipiga kelele mpaka mama akadhani nimeungua.

"Mama, masizi! Nipe masizi yote!"

"Chukua, mwanangu. Hayo hayajawahi kukosekana humu."

Nilikwangua vyungu vya kitongoji kizima. Nikachanganya na maziwa mgando ili rangi ishike, nikapaka siku nne mfululizo, furaha imenijaa hata njaa sikuisikia.

Jumamosi nilikuwa bado juu ya ngazi mzee alipoingia na ndoo yake. Alikaribia ukuta, akalowesha kidole kwa mate, akachagua jani la chini, nililolipaka siku ya kwanza, akalisugua kwa nguvu zote. Akatazama kidole. Kilikuwa safi.

Kisha akaenda ukuta wa kushoto, uliokuwa mtupu tangu kanisa lijengwe, akachovya brashi yake kwenye chokaa.

"Kamwene, fundi," alisema bila kugeuka. Ndiyo salamu aliyokuwa ameninyima. "Chokaa nimeshaichanganya, isiharibike bure. Ngoja nikuandalie huu wa pili."