Anayevusha Watu Juu ya Shamba la Mama Yake

Jua ndilo kwanza linachungulia juu ya vilima vya Ukambani, na bwawa la Kiambere limetulia kana kwamba bado limelala. Ciakuthii Njoka ameshika makasia lakini haanzi safari. Ndani ya boti yake ya mbao, wanawake wenye magunia ya ndengu wanamtazama. Anasubiri simu.

Inapoita, mwanamke wa ng'ambo anamwarifu kwamba upepo bado haujaamka. Ndipo boti inateleza kutoka ukingoni, polepole.

Mbele kidogo, Ciakuthii huacha kupiga kasia. Chini yake kuna shamba la mama yake. Alikuwa msichana mdogo mto Tana ulipozibwa, maji yakapanda yakafunika mtama, kisha zizi, kisha njia ya kwenda kanisani.

"Siku zingine naona kama moshi wa jikoni unatoka huko chini," asema. "Najua ni ukungu. Lakini nafurahi tu kuuona."

Si kila kilichozama kilitulia. Miaka mitatu iliyopita, upepo wa ghafla uliisukuma boti yake hadi kwenye kisiki kilichojificha majini, ikapinduka. Wavuvi waliwaokoa abiria wote isipokuwa mmoja. Alikuwa Bundi, mchuuzi wa mbuzi kutoka Kianjai, kule Meru.

Ciakuthii aliivuta boti nchi kavu, akaifunika kwa nyasi. Watu wakaanza kuzunguka kwa barabara, safari ya kutwa nzima, na wagonjwa wakachelewa kufika kliniki. Hakuna aliyemlaumu. Hata hivyo, kila alipofumba macho alisikia mbuzi wakilia.

Kisha akaja Peninah Igoki, mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza hatari za usafiri wa majini na jinsi watu wanavyosimama tena baada ya ajali. Ciakuthii alidhani ataulizwa kosa lilikuwa la nani. Peninah alimuuliza ni nani aliyemtoa majini.

Swali hilo lilimliza. Alipotulia, alimweleza habari za wavuvi, za wanawake waliofunganisha leso zao zikawa kamba, za mtungi mtupu wa plastiki uliomsaidia kuelea.

"Mama, hiyo ndiyo nguvu niliyokuja kutafuta," Peninah alimwambia. "Tuipange vizuri, isingoje bahati."

Wakaketi na wavuvi na wanawake wa pande zote mbili. Peninah alileta ramani ya upepo wa bwawa, wavuvi wakaonyesha visiki vilipo, vikafungiwa mitungi ya rangi nyekundu inayoelea. Wakakubaliana kila upande uwe na mtu wa kutoa habari za upepo, na kwamba hakuna atakayepanda bila jaketi la kuelea.

Lakini hakuna aliyethubutu kupanda kwanza.

Asubuhi moja, mwanamke mgeni aliteremka hadi ukingoni, viatu mkononi. Alikuwa Marcella, mjane wa Bundi. Alitaka kupaona mahali mumewe alipoishia. Ciakuthii alishindwa kumtazama usoni. Alimwambia kwamba angeweza kumwonyesha kutoka nchi kavu.

"Nimetoka mbali," Marcella alijibu. "Nipeleke."

Akavaa jaketi, akaingia, akaketi. Katikati ya maji aliweka kiganja juu ya bwawa, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Hakulia. Waliporudi, watu walikuwa wamesimama ukingoni wakingojea zamu yao.

Sasa Ciakuthii na kikundi chake wanachonga boti ya pili. Haitabeba ndengu wala abiria, ni ya kuokoa tu.

"Nataka ikae pale kivulini mpaka izeeke," asema, akipitisha mkono juu ya mbao mpya. "Kuku watage ndani. Nikiona hivyo, nitajua tumefika."