Motokari ya Mazutu ya Kumpeleka Mama Kwao

Mama alipoanza kuvimba miguu, daktari alimlaza hospitalini kwa muda, akamchoma sindano, kisha akamruhusu kurudi nyumbani na kumwambia baba asimpe chakula chenye chumvi. Hakusema zaidi ya hapo, lakini mama alielewa. Alipofika nyumbani, hata kabla sijamvua viatu, aliniambia anataka kwenda kwao kaskazini, upande wa Kabalo, akakae na mdogo wake.

Mimi nilikuwa nimeolewa. Tuliishi jirani na wazazi wangu katika kile kitongoji cha Élisabethville kinachoitwa Kenya, na kila asubuhi mume wangu alipokwenda kazini mgodini, mimi nilikwenda kwa mama kumwogesha na kumpikia. Baba alikuwa amestaafu reli. Alianza kazi kwa kutupia makaa ya mawe tanurini, akamalizia kama dereva wa garimoshi kwenye njia ya Sakania, na hadi wakati ule alikuwa akiamka alfajiri kana kwamba bado kuna treni inayomngoja.

Treni ya kwenda kaskazini ilikuwapo, lakini katika mabehewa yetu sisi weusi mtu alikaa kwenye benchi za mbao, na mama hakuweza tena kukaa. Alihitaji kulala. Tena kijiji chao kilikuwa mbali na stesheni. Basi baba akasema atanunua motokari, na haikuwa motokari yoyote tu. Alitaka zile za mgongo mrefu, ambazo viti vya nyuma vinalazwa na mtu akatandikiwa godoro. Alitaka pia iwe ya mazutu, yaani dizeli, maana madereva wa malori walimwambia kuwa injini ya mazutu haichoki upesi na hainywi sana, na sisi tulikuwa na njia ndefu.

Asubuhi moja alikuja kitandani kwa mama na kipande cha kamba. Alimpima kutoka kisigino mpaka utosini, akafunga fundo mwishoni. Mama alimtazama, akatabasamu.

"Sasa umekuwa fundi ya masanduku ya wafu?"

Baba aliishusha kamba. Mama akamgusa mkono. "Ninacheka tu, baba. Pima muzuri, miguu yangu isibakie inje."

Baba alizijua mashine za moshi na maji. Za mazutu hakuzijua, na hakuona haya kusema hivyo. Alikwenda kukaa na madereva pale walipopakia mizigo, akawauliza wanazipimaje zinapozeeka. Akirudi alimweleza mama kila alichosikia, nami nikasikiliza huku nikichambua mboga. Moshi wa buluu maana yake injini inakula mafuta yake yenyewe. Moshi mweupe ukitoka asubuhi na kukoma, si neno. Usipokoma, maji yanaingia mahali yasipotakiwa. Mweusi kidogo unapokanyaga ni kawaida. Mama aliyarudia yale maneno kama mtu anayejifunza katekisimu.

Motokari ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mjini. Baba alinichukua niende naye, kwa sababu mama alitaka mtu wa pili aione ile sehemu ya nyuma. Tulipofika, mwenyewe alituchangamkia, akafungua milango yote. Baba aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakiacha pale kidogo, akashukuru, akaondoka. Nilimfuata bila kuelewa.

"Iko moto," aliniambia barabarani. "Aliiwasha mbele ya shiye kufika. Moteri ya mazutu lazima uikute baridi. Ikiwa baridi haifiche kitu. Kama inasumbua kuwaka, utaona."

Ya pili ilikuwa ya mtu wa kujenga barabara, nayo ilipakwa rangi mpya iliyong'aa hata ikaumiza macho. Baba aliinua zulia la sakafu. Chini yake kulikuwa na bati lililobandikwa kwa lami, na nilipogonga kwa kidole lilibonyea. Kisha akanionyesha magurudumu ya mbele yaliyolika upande mmoja tu, na mlango wa nyuma usiofunga mpaka uinuliwe. "Hii ilianguka," alisema kwa sauti ndogo. "Ilipinduka, ikanyooshwa. Ku barabara yetu itafunguka kama sanduku ya samaki."

Jioni zile, baba akisimulia na mama akiuliza, zilikuwa njema kuliko zote za ugonjwa wake. Alitaka kujua kila kitu: rangi, harufu, mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Baba alipomaliza kueleza ya ile ya pili, mama alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Basi tutafute ingine. Lakini mutafute mbio. Mvua itakuja."

Ile tuliyoinunua tuliipata katika mtaa wa Makomeno. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao na mke wake. Nyumba ilikuwa imejaa makasha, na mapazia yalikwishashushwa. Alikuwa mtu mpole lakini mwenye haraka. Injini ilikuwa baridi kabisa, umande bado uko juu ya kifuniko. Baba alichungulia kwenye radiata akachovya kidole, akakinusa: maji hayakuwa na mafuta. Akavuta kitufe cha kupashia injini moto, tukatazama kiwaya kidogo kwenye ubao wa mbele kikibadilika kuwa chekundu. Ikawaka. Ilitoa moshi mweupe, ikatetemeka, kisha moshi ukapungua mpaka ukaisha. Baba akafungua kifuniko cha mafuta injini ikiunguruma, akakinga kiganja juu ya lile tundu. Kama ingekuwa imechakaa ndani, ingempulizia pumzi ya moto mkononi. Ilipumua kidogo tu.

Halafu akalaza viti vya nyuma, akatoa ile kamba na kuinyoosha sakafuni. Ilitosha, na nafasi ikabaki.

"Ile kamba iko ya kazi gani?" Mbelgiji aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Ni bibi yangu, bwana," baba alisema.

Yule mtu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Sijui alielewa nini, ila haraka yake yote ilimtoka. Alituacha tuiendeshe mpaka tulipotaka. Tulipopanda mlima, gia ya tatu iliruka yenyewe. Baba akairudisha, ikaruka tena. Tuliporudi, Mbelgiji alikiri kwamba anaijua kasoro hiyo, kwamba yeye huishikilia kwa mkono. Baba akasema hilo linatengenezeka. Mengine yote yalikuwa mazuri. Siku hiyo tulirudi Kenya tukiwa ndani ya motokari yetu wenyewe, na majirani wakatoka nje kuitazama.

Mama aliomba tumbebe mpaka mlangoni aione. Aliitazama muda mrefu.

"Tuende kesho," alisema.

"Bado kidogo, mama. Vitesi ya tatu inaruka. Kule ku milima ya Jadotville itatushinda."

"Si ule muzungu alikuwa anaishika na mukono? Weye pia shika na mukono."

"Nataka tufike," baba alisema. "Sitaki kukulaza ku njia, ndani ya mvua."

Mama hakubishana. Maisha yao yote, mambo ya mashine yalikuwa ya baba na mambo ya watu yalikuwa ya mama. Labda hapo ndipo mama alipokosea, kuiona safari ile kuwa jambo la mashine.

Baba alifungua sanduku la gia uani, akalipanga vipande vipande juu ya gunia. Gia moja ilikuwa imelika meno. Hapa mjini haikupatikana. Akatuma habari kwa rafiki yake wa zamani aliyekuwa stesheni ya Sakania, ili aitafute ng'ambo ya mpaka. Tukangoja. Mawingu yakaanza kukusanyika kila alasiri. Mama sasa alilala akiegemea mito, kwa sababu akilala chali pumzi ilimkatika, na hakuuliza tena juu ya motokari. Mimi nilimwambia baba, "Tumweke ku treni, basi, hata tulipie watu wambebe." Akanijibu kwamba gia itafika wiki ile. Nilikasirika, nikaenda zangu nyumbani kabla ya wakati.

Gia ilifika kweli. Baba aliipokea stesheni kama mtu anayepokea mgeni mkubwa, akaingia chini ya motokari siku hiyo hiyo. Kesho yake alasiri nilikuwa nimekaa na mama, nikimpepea. Aliniomba maji. Nilipomwinua kichwa hakuyanywa. Alinitazama kana kwamba anataka kukumbuka jambo fulani, akashusha pumzi, na pumzi nyingine haikuja.

Nilimfumba macho, nikatoka uani. Niliona miguu ya baba tu, imetokeza chini ya motokari, viatu vya reli vimegeukia juu.

"Baba," nilisema.

"Niletee kitambaa. Ninafunga ya mwisho."

"Baba, toka."

Miguu ilitulia. Chuma kikaanguka chini, bila kelele kubwa. Alitoka polepole akijivuta kwa viwiko, akasimama, akanitazama usoni. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono, akaisugua kwa mchanga, akanawa tena, kucha moja moja. Nilitaka kumwambia aache, aingie tu. Alipoingia mikono yake ilikuwa safi, na ndipo alipomshika.

Tulimzika kesho yake baada ya misa. Baba alikataa gari la mtu yeyote. Alilaza viti, tukaweka jeneza pale nyuma, likaenea sawasawa. Motokari iliwaka mara ile ile aliposhika ufunguo. Waombolezaji walitembea mbele na nyuma, mvua ya kwanza ikinyunyiza, nasi tukaenda mwendo wa miguu yao, gia ya kwanza, mara chache ya pili. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Mkono wake ulikuwa juu ya mpini wa gia njia nzima, na hakuhitaji kuupeleka kwenye ya tatu hata mara moja.

Msimu wote wa mvua sikuwa na maneno mengi na baba. Nilimpelekea chakula, nikafua nguo zake, nikarudi kwangu. Moyoni nilikuwa nimemshitaki na kumhukumu. Naye hakujitetea. Barabara zilipokauka alikuja nyumbani kwetu, akamwomba mume wangu ruhusa, akaniambia, "Tupeleke manguo ya mama yako kwa mudogo wake. Sitaki kwenda peke."

Tulipita Jadotville, tukapita Bukama, tukalala kwenye misheni njiani. Gia ya tatu ilishika milima yote. Kila ilipoingia, mimi niliisikia, na najua naye aliisikia.

Mama mdogo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa mama hasa, ila mkali zaidi. Habari za msiba alikuwa amezipata zamani. Alipokea zile nguo, akalia pamoja na wanawake wa kijiji, na walipotawanyika alikaa chini mbele ya baba. Alizungumza kwa Kiluba, akimwita shemeji.

"Shemeji, mbona hukumleta? Tuliambiwa anakuja. Nilimtengenezea kitanda."

Nilimtazama baba. Nilidhani atataja daktari, au mvua, au barabara.

"Nilikuwa natengeneza motokari," alisema. "Ilikuwa inatembea. Niliogopa itatuharibikia njiani na yeye ndani yake, na mimi nisijue la kufanya. Nikaitengeneza mpaka akafa."

Mimi hasira niliyokuwa nimeibeba tangu mvua za kwanza niliitafuta, sikuiona. Nilimwona mzee tu, amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Angelala wapi?" mama mdogo akauliza.

Baba alimpeleka kwenye motokari, akafungua mlango wa nyuma, akalaza viti na kutandika godoro tulilokuja nalo. Mama mdogo alipanda bila kusaidiwa, akalala chali, akanyoosha miguu, akaweka mikono kifuani. Alikuwa na kimo kile kile cha dada yake. Akasema, "Funga. Nipeleke."

Nikakaa mbele. Baba akawasha. Tulikwenda polepole kati ya nyumba, tukapita makaburi ya wazee wao, tukafika kisimani, tukazunguka na kurudi. Watu walisimama milangoni wakitutazama. Nyuma sikusikia kilio, nilisikia tu godoro likisogea pale tulipopita kwenye mashimo. Tulipofika uani baba alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimwekea mkono mgongoni. Tangu kifo cha mama sikuwa nimemgusa.

Mama mdogo alishuka mwenyewe, akajifunga kitenge vizuri, akasema ni lazima tule kabla giza halijaingia. Akanituma kuni. Nilipozileta nilimkuta amempa baba maji ya kunawa, wamekaa karibu na moto, na baba anamwambia jinsi mama alivyokuwa akicheka jioni zile alipomsimulia habari za motokari mbovu.