Mshono Uliopasuka Vizuri

Nimeshona viti vya magari hapa Buyenzi zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu nilijulikana kwa jambo moja: mshono wangu haufumuki. Nilikuwa navuta skai, ile ngozi ya bandia, mpaka inabana kiti, kisha napitisha uzi wa nailoni mara mbili. Wateja walipenda hivyo, na mimi nilijivunia.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wa Kiriri, kule mlimani, mama wa maneno machache, mwenye gari dogo lililotoka Japani na usukani wake kulia. Nilimvalishia viti vya mbele skai ya kahawia. Alipitisha kidole kwenye mishono, akasema hiyo ndiyo kazi, akapanda gari akaenda.

Kesho yake jirani yangu, fundi wa umeme wa magari, alikuja kuazima mkasi. Alinikuta nashona kifuniko cha kiti cha gari jingine la aina ileile. Akakigeuza, akaniuliza nafasi ya mfuko wa hewa nimeiacha wapi. Nikamjibu kwamba mfuko wa hewa uko kwenye usukani. Hakucheka. Alinipeleka kwenye kile kiti kilichokuwa kinangoja kuvalishwa, akaniwekea kidole pembeni, upande wa mlango, penye kitambaa kidogo chenye maandishi. Vitambaa vya namna ile nilikuwa nimevifunika miaka yote bila kujua maana yake.

"Mbele ya gari kuna nafasi, kuna boneti, kuna injini," akasema. "Ubavuni kuna nini? Mulango tu, halafu mbavu za mutu. Gari ikigongwa ubavuni, mufuko unatoka hapa kabla hujapepesa jicho, unakaa katikati ya mutu na mulango. Sasa we umeufunga kama gunia ya maharage."

Alinieleza pia kwamba magari mengine yana mfuko wa pili unaoshuka juu ya dirisha kulinda kichwa, ila huo kazi yangu haiugusi. Huu wa kwenye kiti ndio niliokuwa nauzuia. Dawa yake ni kuacha upande ule wazi, au kuushona kwa uzi dhaifu unaokatika mara moja.

Mchana ule niliweka kazi kando. Nilikuwa nafikiria viti vyote vilivyotoka mikononi mwangu. Nilianza kuwapigia wateja simu. Wengine walikuja, wengine waliniambia niache kuwasumbua. Kwa mwalimu nilipanda mwenyewe mpaka Kiriri, nikafumua ubavu wa viti vyake uani kwake kwa wembe. Hakufurahi. Alitazama uzi mwembamba wa pamba niliourudishia, akaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Nilimweleza yote. Akaingia ndani, akaniletea chai.

Miezi ilipita. Siku moja asubuhi aliingia kibandani kwangu kwa miguu, akitembea polepole, mkono mmoja ameukumbatia kifuani. Nilimpa kiti, naye akanisimulia. Alikuwa anatoka Gatumba kumsalimia dada yake. Pikapu iliyobeba mihogo ilikatika breki, ikatoka barabara ya pembeni upande wa kulia, ikamgonga mlangoni palepale alipokaa.

"Nilisikia mulio mukubwa, halafu kitu kikanisukuma hapa," akasema, akigusa mbavu. "Nilifikiri ni mulango. Kumbe ni ule mufuko wako."

Nikamwambia si wangu, ni wa waliotengeneza gari.

"Sawa, lakini we ulipanda mulima kuja kuufungua."

Daktari alikuwa amempima, akamwambia mbavu zimeumia tu, hakuna uliovunjika. Tulikwenda pamoja na fundi wa umeme kulitazama gari garajini. Mlango ulikuwa umeingia ndani vibaya. Kwenye kiti, uzi wa pamba ulikuwa umekatika toka juu mpaka chini, na mfuko ulining'inia umenywea. Mishono ya nailoni ya mbele haikuguswa. Nilisimama pale nikiushika ule mpasuko, nikafurahi mpaka nikaona aibu, maana mama wa watu bado alikuwa na maumivu.

Fundi wa umeme alisema kiti na mfuko vibadilishwe vyote, visirudishwe. Vilipopatikana, mwalimu aliniletea gari tena. Safari hii alitaka skai ya kijani. Nilimwambia kijani hakitapendeza, tukabishana karibu saa nzima, na mwisho nikashona ya kijani.